Mashine Kuukuu na Haki Yake

Katika chumba chetu cha walimu imo kompyuta kuukuu ambayo tumeitumia kwa miaka mingi kutungia mitihani ya Kiswahili na kuhifadhi methali tunazowakusanyia wanafunzi. Muhula uliopita ilituandikia kiooni habari ya kutushtua: mfumo endeshi wake hautapata tena marekebisho ya ulinzi, na mfumo mpya hauikubali mashine ya umri ule. Mkuu wetu akatuuliza: itupwe, au ibaki?

Mfumo endeshi, kwa wenzetu walioanza karibuni, ni programu kuu isimamayo baina ya mashine na kazi tuitakayo. Mashine bila mfumo ni sawa na jahazi bila nahodha. Kwa hiyo mtunga mfumo akiiacha mashine, huizika ingali hai.

Tulikuwa wepesi wa kulaumu. Hata hivyo yatupasa kuusikiliza upande wa pili. Linus Torvalds alipoanza kutunga Linux mwaka 1991, aliitungia mashine yenye kichakato cha Intel 386, kilichotolewa mwaka 1985. Lakini Desemba 2012 watunzi wa Linux waliamua kukiacha kichakato hicho hicho, na toleo la 3.8, lililotoka Februari 2013, halikukitambua tena. Hawakufanya hivyo kwa kiburi. Kichakato kile kilikosa amri ambazo vilivyokifuata vinazo, na kila walipourekebisha mfumo iliwabidi kuuzungukia upungufu huo: taabu ya wengi kwa faida ya wachache mno. Intel yenyewe ilikwisha acha kukitengeneza mwaka 2007. Tena, programu isiyojaribiwa na mtu ni kama mlango wa uani usiokaguliwa. Ndio apitiao mwizi.

Wako wenye mwendo mwingine. NetBSD, mfumo unaotungwa na watu wa kujitolea, bado huzitumikia mashine za VAX, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1977. Hao watuonyesha kuwa jambo hili lawezekana, mradi wapatikane watu walio tayari kulitolea jasho.

Basi hatudai msaada wa milele. Twadai mambo matatu. Kwanza, siku ya mwisho itangazwe mapema. Pili, sababu iwe udhaifu wa kweli wa mashine, wala si tamaa ya kuuza mpya. Maana 386 ilihudumiwa hadi miaka 27 tangu kutolewa kwake, na yetu haikufikia hata nusu ya umri huo. Tatu, atakayeacha kuitunza mashine asiwafungie mlango wale watakao kuitunza wenyewe. Shule maskini hainunui kompyuta kila msimu kama inunuavyo chaki.

Tulimjibu mkuu wetu kwamba ibaki. Mwalimu kijana miongoni mwetu aliiwekea Linux, ambayo haikutugharimu hata senti, na mitihani ya muhula huu imepigwa chapa kwa mashine ile ile. Wahenga walitukanya tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbachao nao huchakaa. Ndiyo sababu, kabla ya kuigusa, tulizinakili methali zetu zote na kuziweka mahali pengine.