Tulivyojitayarisha Kupiga Senema

Ukiona senema ya dakika kumi imekwisha, usidhani kwamba ilikuwa kazi ya dakika kumi. Yetu ina kurasa kumi za mswada, na wenye kazi hii huhesabu ukurasa mmoja kuwa kama dakika moja. Lakini tumeitayarisha kwa miezi minne, na hata sasa ninapokuandikia haya kamera haijapiga picha hata moja. Najua wako vijana wengi siku hizi wenye simu nzuri mkononi na hadithi kichwani, nao hudhani hayo mawili yatosha. Mimi pia nilidhani hivyo.

Hadithi yetu ni fupi. Mwanamke mzee hupeleka chakula kituo cha mabasi kila Jumamosi, kwa sababu mwanawe aliondoka na basi siku ya Jumamosi akasema atarudi. Siku moja kondakta kijana, mwenye njaa na uchovu, anakaa karibu naye, na mwanamke yule anampa chakula kile. Ndiyo hadithi yote. Mahali ni hapa petu, upande wa Korogwe, kando ya barabara kuu ipitishayo mabasi ya Dar es Salaam, Moshi na Arusha.

Jambo la kwanza lilikuwa ruhusa. Sheria Na. 4 ya mwaka 1976 hairuhusu mtu kutengeneza senema pasipo kibali, basi tukapeleka maombi pamoja na mswada. Kisha nikamwendea mwenyekiti wa kijiji, mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza nilimkosa. Kisha nikamwendea mwenye mashine ya kusaga.

Labda utauliza, mashine ya kusaga na senema vina uhusiano gani? Sikio la mtu hujua kuchagua: ukizungumza na rafiki karibu na mashine, baada ya muda huisikii tena. Maikrofoni haichagui. Siku ya kujaribu tulipata ngurumo ya mashine, jogoo wawili na pikipiki moja, na maneno ya mwigizaji yalikuwa mbali kama mtu aliye kisimani. Mwenye mashine alikubali kuizima siku tatu, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu, nasi tutamlipa kidogo.

Habari ya sauti ilinikumbusha Vugiri, kule juu ya milima ya Usambara, si mbali na hapa. Huko, kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walitengeneza senema 35 za kuwafundisha Waafrika mambo ya afya, kilimo na kuweka akiba. Sauti yao ilitiwa katika sahani za santuri, na sahani ikapigwa wakati picha inapoonyeshwa. Picha na sauti zikipishana kidogo tu, mtu hufumba mdomo huku maneno yake yangali yakitoka. Sisi tuna kamera na chombo cha sauti mbali mbali, kwa hiyo shida yao ni yetu pia, ila dawa tunayo: mtu hupiga makofi mara moja mbele ya kamera, na baadaye kishindo kile hulinganishwa na viganja vinapokutana.

Jua nalo lina ubishi wake. Hapa petu karibu na ikweta jua halipandi polepole. Hupanda kama mtu aliyeitwa. Nuru nzuri tunaipata hadi saa tatu tu. Kufika saa sita macho ya mtu yote ni vivuli. Tena tulitaka kumweka yule mama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kumbe kamera ilijipima kwa weupe wa ukuta, uso wake ukawa giza tupu. Vijana wawili wakashika shuka jeupe ili kumrudishia nuru usoni; upepo ukaja, wakawa kama mabaharia wanaopandisha tanga. Tukauacha ukuta ule, tukahamia kwenye kibanda cha udongo.

Fedha sitaki kuzisema sana. Tulikuwa na shilingi 700,000, na zaidi ya nusu itakwenda katika chakula, maana kamera tumeazimwa na rafiki apigaye picha za arusi, lakini watu kumi na wawili hawaazimwi matumbo. Mwenye basi alitaka nauli ya viti vyote. Basi tukaamua kwamba basi halitaonekana: litasikika tu, na vumbi litapita mbele ya uso wa yule mama. Nadhani ni bora hivyo kuliko tungelilipia. Na kijana wetu wa ukondakta alinyoa kichwa chote juma lililopita, hakumwambia mtu.

Lakini hayo yote ni mchezo mbele ya lile ninalotaka kukueleza.

Mwigizaji wetu mkuu ni mama yangu mkubwa, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya ua wetu. Hakusoma, lakini nilipomsomea maneno yake mara mbili aliyashika yote, akawa anawakumbusha wengine ya kwao. Siku ya tatu ya mazoezi alifika mahali pa kumpa kondakta chakula, ambapo aseme, "Kula, mwanangu, mwenyewe atakuta kingine." Akanyamaza. Akaweka kikapu chini, akaenda zake nyumbani.

Nikadhani amesahau. Jioni nikamfuata, nikamkuta anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenye mashine ulikwenda kwake mara ngapi?"

"Mara mbili, mama."

"Na mwenyekiti?"

"Mara tatu."

"Na kwangu?"

Msomaji, sikuwa na jibu. Mwanawe aliondoka mwaka 1996. Kijiji chote kinakijua kikapu kile, nami tangu utotoni nilikiona kikienda kimejaa na kurudi kimejaa. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba ni hadithi ya bibi mmoja, na jina la yule mwana nililibadili herufi mbili.

"Kwako ni hadithi," akasema. "Mimi uzito wake naujua."

Niliwaambia wenzangu kwamba tunaacha. Wengine walikasirika, na sikuweza kuwalaumu, kwa maana fedha nyingine zilikwisha kutumika na kibali kina siku zake. Tukakaa siku tisa. Ya kumi alimtuma mtoto kuniita, akaniambia nimsomee mswada wote tangu mwanzo, asirukwe mtu. Nilipomaliza, alikaa kimya kitambo.

"Jina la mtoto liondoe kabisa," akasema. "Na huyu mama hapo hasemi neno. Mtu akila chakula chako humsemeshi, unamtazama anavyokula. Tena mmeandika ugali. Ugali ungefika umepoa. Nilikuwa napeleka wali wa nazi, nikaufunika kwa jani la mgomba."

Nilikata mistari minne, nikaandika wali. Alitaka jambo moja zaidi: chakula cha ndani ya kikapu akipike mwenyewe.

Kazi yaanza alfajiri hii. Mwenye mashine ametuma neno kwamba anakumbuka. Jana jioni milima ilikuwa na mawingu, sijui yatafanya nini. Sasa ni saa tisa ya usiku, usingizi umenikataa, na ng'ambo ya ua taa inawaka. Nasikia mama mkubwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi.