Kutoka Kadutu hadi Ruzizi: karatasi ya Noeli inaenda wapi?



Noeli iko mlangoni, na Bonane iko nyuma yake. Juma hili tutembee pamoja katika Bukavu yetu, kwa miguu, kutoka juu hadi chini, tufuate karatasi moja ya zawadi.

Tuanze soko la Kadutu. Mwezi huu karatasi zinazong'aa zimetundikwa kila upande: nyekundu, kijani, rangi ya dhahabu. Mama ananunua moja, anafunga gari dogo la mtoto, anatia skochi, kisha anaweka yote ndani ya sasheti. Siku ya Noeli mtoto anapasua. Dakika moja, imekwisha. Nyingi ya karatasi hizo zimepakwa plastiki. Ukitaka kujua, ikunje mkononi kama ngumi kisha uiachilie: ikifunguka yenyewe, ina plastiki. Haiozi kama karatasi ya kawaida. Na ukiwashia mbabula nayo, moshi wake ni sumu kwako na kwa mtoto uliyembeba mgongoni.

Sasa tushuke. Mji wetu umekaa juu ya vilima, na mvua ya Desemba haibembelezi mtu. Maji yanachukua kila kilichotupwa njiani, yanakipeleka katika mifereji, na mifereji inakimwaga ziwani. Ukifika Beach Muhanzi, pale mitumbwi inaposhusha ndizi na mananasi, utaona chupa na sasheti zikielea kando ya maji.

Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea. Ni mto Ruzizi, unaoanzia hapa kwetu na kushuka hadi Tanganyika. Basi kinachoelea kinavutwa polepole kuelekea huko, na kabla ya kwenda mbali kinakuta bwawa la umeme la Ruzizi 1, lililojengwa miaka ya 1950. Wafanyakazi wanatoa takataka hizo kwa mitumbwi na kwa mikono. Zikipenya hadi kwenye mashine, mashine inasimama. Hapo ndipo mama wa samaki anakuta frigo imezima, na mwanafunzi anafungua daftari kwa mwanga wa mshumaa. Karatasi moja peke yake haizimi mji. Lakini haisafiri peke yake: iko na chupa na sasheti za nyumba zetu zote.

Ng'ambo ya daraja, Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki tangu 2008, na wanaovuka kila siku wanajua kwamba sasheti inabaki mpakani. Kwetu pia kuna amri ya Desemba 2017 inayokataza sasheti hizo. Amri ipo, sasheti zipo. Kwa hiyo tuanze sisi, nyumbani.

Kufunga zawadi vizuri bila plastiki, vitu tunavyo:

Kikwembe. Omba fundi wa nguo vipande vilivyobaki. Kata mraba ambao upande wake ni mara tatu ya urefu wa boksi. Weka boksi katikati, pembe zikiangalia mbele, nyuma na kando. Funga pembe mbili zinazoelekeana, kisha mbili nyingine juu yake. Skochi haihitajiki, na anayepokea anabaki na kitambaa cha kichwa.

Kalenda ya mwaka unaokwisha. Karatasi yake ni ngumu na picha ni nzuri. Geuza upande mweupe nje, watoto wachore. Gundi ni unga wa muhogo uliokorogwa na maji na kupikwa hadi uwe mzito.

Mgomba. Jani bichi, ukilipitisha juu ya moto kidogo, linalainika na halipasuki: ni zuri kwa keki au samaki. Maganda makavu ya shina yaloweshe, uyachane, ni kamba imara kuliko utepe wa dukani.

Kitunga. Kwa mama mkwe au bibi, weka unga, sukari na sabuni ndani ya kitunga, funika kwa kitambaa. Kitunga chenyewe ni zawadi, na pesa yake inabaki kwa mama aliyekisuka.

Kuna anayesema: bila karatasi ya kung'aa, watu watasema nimekosa pesa. Tumjibu kwa upole. Bibi zetu walipopeleka zawadi kwenye arusi, zilifika ndani ya vitunga, na hakuna aliyewaita maskini. Heshima ya zawadi iko katika mkono unaoitoa na usafi wa kilichoifunika.

Wewe uliye na njia nyingine ya kufunga, ilete tutakapokutana, tufundishane kabla ya Noeli. Na watoto wakisaidia kufunga, waonyesheni njia ya maji, kutoka mfereji wa mtaa hadi taa ya nyumbani. Wataielewa upesi kuliko sisi.

Siku kuu njema, na umeme usikatike.