Tope la Ziwa Halisahau

Ndugu msomaji, twende pamoja kutoka Tabora mpaka Ujiji. Njia hii ni ya kale. Wapagazi wa Kinyamwezi waliipita kwa miguu, wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na nguo na shanga. Watumwa nao walipitishwa humu kwa minyororo. Novemba 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Kaze, karibu na mji wa Tabora wa leo. Februari 1858 waliliona Ziwa Tanganyika. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914.

Tunakwenda kutafuta jibu la swali moja. Je, nchi hii imekuwa hivi siku zote?

Miembe na miombo

Kwanza tazama miembe mikubwa ya Tabora. Asili ya mwembe ni Bara Hindi. Ulivuka bahari ukafika pwani, kisha misafara ikauleta huku. Kwa hiyo mti unaweza kukueleza habari za watu waliopita.

Ukitoka mjini unaingia katika miombo. Unapita Urambo na Kaliua, na kila upande ni mininga, mitundu na mizinga ya nyuki. Mbele unafika mto Malagarasi, halafu Uvinza penye chumvi. Mwaka 1967 wataalamu wa mambo ya kale walichimba Uvinza. Waligundua kwamba watu walikuwa wakipika chumvi hapo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Chumvi hupikwa kwa kuni. Basi kukata miti si jambo la jana.

Lakini kabla ya wapika chumvi, nchi ilikuwaje? Hapo hakuna mzee wa kumwuliza. Tuteremke ziwani Ujiji.

Unga wa maua

Wewe uliyefuga nyuki unaujua unga wa njano ambao nyuki hubeba miguuni. Ni unga wa maua. Wataalamu huuita chavua. Punje zake ni ndogo sana. Ukipanga punje 30 hivi katika mstari, unapata milimita moja tu. Mimea mingi hutambulika kwa umbo la chavua yake, na ganda la punje ni gumu.

Upepo na mito hupeleka chavua ziwani, nayo huzama pamoja na tope. Chini kabisa ya Ziwa Tanganyika maji hayana hewa, kwa hiyo ganda halikuozi upesi. Kila mwaka tope jipya hulala juu ya lile la zamani. La chini ndilo la kale zaidi.

Wataalamu hushindilia bomba refu katika tope, wakalivuta juu na tope ndani yake. Hulikata vipande, wakapima umri wa kila kipande. Kisha huosha tope kwa dawa kali, wakatazama chavua iliyobaki kwa hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo. Huhesabu punje moja moja: hii ya nyasi, hii ya mti wa milimani, hii ya miombo. Wakikuta chavua ya mahindi, hujua tope hilo si la kale sana, kwa maana mahindi yaliletwa Afrika kutoka Amerika baada ya mwaka 1500.

Tope limesema nini?

Tope lililosomwa vizuri lilitoka kusini mwa ziwa hili na katika Ziwa Rukwa. Huko nako ni nchi ya miombo kama Tabora. Lile la Rukwa lina habari za miaka 23,000 hivi.

Yapata miaka 20,000 iliyopita kulikuwa na baridi kuliko leo, kiasi cha digrii 4. Mvua ilikuwa haba. Nyasi zilitawala, na miti ya milimani iliota chini kuliko leo. Ziwa Tanganyika lilishuka zaidi ya mita 200. Baadaye, tangu miaka 12,000 hivi iliyopita, mvua ilirudi na miombo ikaenea. Ziwa Rukwa lilijaa hata likamwaga maji yake katika Tanganyika. Yapata miaka 5,000 iliyopita ukavu ukaanza tena.

Jibu letu ni hili: nchi hii haikuwa hivi siku zote. Mvua ilikuja na kuondoka, na msitu uliifuata.

Mabadiliko ya leo

Huenda ukasema, "Kama mvua hubadilika yenyewe, mimi nifanye nini?" Sikiliza. Zamani mabadiliko mengi yalichukua karne nyingi. Miti ilipata nafasi ya kuhama na kuota pengine. Leo shoka, moto na tanuri la tumbaku vinaweza kumaliza msitu wa kijiji kabla mtoto hajakua. Tena dunia inapata joto. Mwaka 2010 wataalamu waliosoma tope la Tanganyika walieleza kwamba mwishoni mwa karne ya 20 maji ya juu ya ziwa yalikuwa na joto kuliko wakati wowote katika miaka 1,500.

Mvua ikikosa, mahindi hunyauka. Lakini msitu bado hukupa asali, matunda na mizizi. Msitu ni ghala la mwaka mbaya. Usilichome ghala lako.

Fanya haya:

1. Ukikata mti wa miombo, using'oe kisiki. Kitachipua. Acha machipukizi machache yenye nguvu yakue.

2. Zuia moto wa mwisho wa kiangazi. Huo ndio mkali, nao huua machipukizi.

3. Kama unakausha tumbaku, jenga tanuri linalotumia kuni chache, na panda miti yako ya kuni.

4. Usibandue magome ya mti ili kutengeneza mzinga. Mti uliobanduliwa magome hufa. Tumia mzinga wa mbao.

Ndugu msomaji, hata mwaka huu chavua ya kijiji chako inaanguka katika mito na mabwawa, na tope linaipokea. Wajukuu wetu watakuja kuisoma. Je, watahesabu miombo, au nyasi tupu? Jadilianeni kijijini.