Amri ya Saba na Daftari la Mwalimu

Usharikani kwetu tulikuwa na mwalimu wa kwaya aliyetunga nyimbo katika daftari la kaunta. Alitunga usiku baada ya kutoka shamba, maneno ukurasa mmoja, sol-fa ukurasa wa pili. Jumamosi jioni aliifundisha kila sauti sehemu yake, na Jumapili sisi tulio madhabahuni tuliwaona washarika wakifuta machozi. Hatukuwahi kumlipa. Tulisema anamtumikia Mungu na thawabu yake iko mbinguni.

Mwaka ambao kanisa lilihitaji mabati, baraza la wazee liliamua kwaya irekodi albamu. Nyimbo zote nane zilitoka katika daftari lile. Studio tuliilipa, mpiga kinanda tulimlipa, mchapaji wa jalada tulimlipa. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alinunua nakala ya kwanza kwa mnada, vigelegele vikapigwa, na mabati yakapatikana. Nyuma ya jalada tuliandika kwamba nyimbo zote ni mali ya kwaya. Jina la mwalimu halikuwamo. Baadaye akaja msambazaji na mkataba wa kurasa mbili. Tuliusoma harakaharaka, tukagonga muhuri wa usharika, tukapokea fedha kidogo za mara moja, tukamwombea safari njema.

Siku moja mwalimu akiwa ndani ya basi, simu ya abiria mwenzake iliita kwa wimbo wake. Alipofuatilia kwa msambazaji alionyeshwa mkataba wenye muhuri wetu. Akaja ofisini, akaketi, akashika kofia yake magotini.

"Baba Mchungaji," alisema, "sijaja kudai fedha. Nimekuja kuuliza tu, nyimbo zangu niliziuza lini?"

Hatukuwa na jibu. Chuo cha theolojia kilitufundisha Kigiriki, utunzaji wa roho na namna ya kuandaa hotuba, lakini juu ya mali ya mtunzi hatukuwa tumejifunza neno. Ikabidi tujifunze kwa aibu.

Tulichojifunza si kigumu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inasema kazi hulindwa kwa sababu tu imetungwa. Hakuna mtu anayempa mtunzi haki hiyo. Anayo tangu wimbo ulipozaliwa. Kuusajili wimbo katika ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ni kupata ushahidi wa kuonyesha pakitokea ugomvi. Haki yenyewe ina pande mbili. Upo upande wa fedha: kunakili, kuuza, kutafsiri, kurusha hewani. Na upo upande wa heshima: mtunzi atajwe jina, na kazi yake isiharibiwe. Haki ya fedha hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, ili wajane na yatima nao wale jasho la marehemu.

Tulijifunza pia kwamba wimbo ni kitu kimoja na rekodi ya wimbo ni kitu kingine. Kwaya ilikuwa na haki yake katika sauti ilizoimba, na aliyegharimia kurekodi alikuwa na yake. Lakini maneno na tuni vilikuwa vya mwalimu. Sisi tuliuza nyumba kwa sababu tuliipaka rangi.

Kila mwaka tunawasikiliza watoto wa kipaimara wakikariri Amri ya Saba. Katika Katekisimo Ndogo maelezo yake hayakomi kwenye kutokuiba. Luther anaongeza kwamba tumsaidie jirani kuilinda na kuiendeleza mali yake na riziki yake. Tuliwapa watoto alama kwa kukariri jambo ambalo baraza zima la wazee lilikuwa limelivunja kwa muhuri.

Luther mwenyewe aliujua uchungu huu. Mwaka 1525 sehemu ya hotuba zake iliibwa Wittenberg kabla haijamaliza kuchapwa, ikatolewa mji mwingine. Akawaandikia wachapaji kuwaonya. Na wengine walipozidi kuzibadilisha nyimbo zake, alitaka kila wimbo katika kitabu cha Wittenberg uwekwe jina la mtunzi wake. Hata hivyo hakuchukua malipo kwa vitabu vyake. Mambo haya mawili hayapingani. Alitoa kwa hiari yake, na sadaka ni sadaka pale tu mwenyewe anapoitoa. Daudi alikataa kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu, akakilipia kiwanja cha Arauna. Sisi tulimtolea Mungu mabati yaliyomgharimu mtu mwingine, tena bila kumwuliza.

Tulikwenda nyumbani kwake watu watatu, mchungaji na wazee wawili, tukaomba msamaha mbele ya mke wake. Alitusamehe kabla hatujamaliza kusema, jambo lililotuumiza zaidi. Tukaandika barua kwamba nyimbo zile nane ni zake, kwaya nzima ikatia sahihi, naye akaitumia kusajili. Siku hizi kwaya yetu hairekodi kabla ya kuandikiana: nani ametunga, kwaya itapata nini, mtunzi atapata nini, mkataba utakoma lini. Tukiimba wimbo wa mtu, tunamtaja. Zaburi za Asafu na za wana wa Kora zimetufikia na majina yao juu yake, wala utukufu wa Mungu haukupungua.

Lakini mkataba ule na msambazaji bado tunaugombania, na fedha zilizokwenda hazijarudi. Kila mwezi usharika unampelekea mwalimu kiasi kidogo. Wapo wazee wanaokiita msaada. Sisi tunawasahihisha kila mara: hiyo ni deni.

Mvua ikinyesha wakati wa ibada tunaisikia juu ya mabati. Mwalimu huwa amesimama mbele ya kwaya, ameinua mkono, anasubiri ipungue ili waanze. Nasi tunasubiri pamoja naye, tukijua tumekaa chini ya paa la nani.