Ipe Noah miguu kwanza, mbio baadaye: Kutoka Gerezani hadi kona za Kitonga

Msomaji wangu, kama umekulia mjini Noah unaijua hata kama kwenu haipo. Ndiyo inayompeleka bibi harusi saluni, ndiyo inayobeba timu ya mtaa siku ya bonanza, na kule Arusha ndiyo inayokupeleka Namanga huku umemkalia jirani mapajani. Ni gari ya familia, gari ya heshima.

Lakini kila nyumba yenye Noah ina kijana mmoja anayeitazama kwa jicho jingine. Yeye haoni gari ya kupeleka watoto shule. Anaona rimu za inchi 17, bomba la moshi lenye sauti nzito, na vioo vyeusi tii. Anataka gari ya mzee iwe "ya moto". Hamu hiyo mimi siilaumu hata kidogo. Wafaransa wa Renault na Matra walichukua Espace, gari ya familia kama hizi zetu, wakaitia injini ya Formula 1, V10 ya lita 3.5. Sasa kama watu wazima wenye viwanda vyao wanafanya hivyo, mtoto wa Tabata atazuiliwaje?

Wiki hii basi nakupeleka safari ya kilomita kama 500, Dar hadi Iringa, ndani ya Noah ya ba'mdogo. Shughuli ilikuwa kumfuata bibi ili aje mjini kwenye send-off ya mjukuu wake. Kwenda tulikuwa watano, kurudi tulikuwa wanane na mizigo. Kati ya huku na huko kuna kitu kinaitwa Mlima Kitonga. Hapo ndipo ufundi wa gari unapopimwa, si pale baa unapoegesha ili warembo waone.

MAHAKAMA YA GEREZANI

Kabla ya safari tukaenda kwa wataalamu. Ukitoka Kariakoo ukashuka upande wa Gerezani na Shauri Moyo, unaingia nchi nyingine. Huku milango ya Toyota imepangwa kama vitabu, kule taa zinaning'inia kama ndizi, chini shokapu zimelala foleni. Hujafika hata dukani tayari vijana watatu wamekushika mkono: "Kaka, unatafuta nini? Noah? Old model, new model?"

Jibu la swali hilo ni muhimu. Ile old model ilianza kutengenezwa mwaka 1996. Injini yake iko chini ya siti za mbele na nguvu inakwenda tairi za nyuma. Wengi ni lita 2.0, farasi 130. Ndiyo ile ambayo dereva akifika Chalinze makalio yamepata joto bure bila kulipia. New model ilianza mwaka 2001, injini imehamia mbele, tairi za mbele ndizo zinazovuta, farasi ni kama 150. Ya ba'mdogo ni hii ya pili, ya mwaka 2003, otomatiki ya gia nne.

Mdogo wangu, mtoto wa ba'mdogo, alikuja na orodha yake. Kwanza anataka springi zikatwe gari ikae chini. Ba'mdogo naye alikuwa na yake: anataka spesa, vile vipande vinavyopachikwa juu ya springi ili gari inyanyuke, maana barabara ya kwake Goba ina mawe. Baba anataka juu, mtoto anataka chini. Fundi, mzee mmoja mwenye ovaroli lisilojulikana rangi yake ya kwanza, akacheka mpaka akaweka spana chini.

Akatupa hesabu moja tu. Noah hii ina urefu wa kwenda juu mita 1.85. Upana wake ni mita 1.695, kwa sababu Japani gari ikivuka upana wa mita 1.7 inaangukia kundi jingine la usajili. "Kwa hiyo," akasema, "mnaendesha kabati. Ni refu kuliko upana wake. Mkiliinua mnaliongezea hamu ya kulala. Mkikata springi mnalishusha, lakini shokapu inabaki ya urefu uleule, haina tena nafasi ya kucheza. Kila shimo litagonga chuma kwa chuma, na siku gurudumu likining'inia, springi fupi inaweza kuchomoka mahali pake. Chagueni."

Kimya kikapita. Hata mpiga debe wa duka la jirani alinyamaza.

MIGUU YA KABATI

Basi tukafuata ratiba ya mzee. Yeye anasema gari ina mambo matatu: kusimama, kukata kona, na kukimbia. Lazima uyanunue kwa mpangilio huohuo. Vijana wengi wanaanza la tatu, hela inaisha, mawili ya kwanza yanabaki kwa Mungu.

Tukaanza na tairi, maana gari yote inagusa lami kwa vipande vinne visivyozidi ukubwa wa kiganja. Hapa nikajifunza jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui. Gari nyingi zinashuka bandarini na tairi za baridi, zile Wajapani wanazotumia kwenye barafu. Ukiangalia ubavuni utaona neno STUDLESS. Mpira wake ni laini makusudi, ung'ang'anie barafu. Ukiuleta kwenye lami ya Morogoro saa saba mchana unakuwa kama ubani uliotafunwa: kwenye kona gari inayumba, tairi inapata joto na kuisha haraka. Ukitazama kashata ni nzuri, mpya kabisa, unafurahi. Kumbe kasheshe!

Angalia pia tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na kashata ya kung'aa na umri wa kuingia sekondari.

Mdogo wangu hakutoka mikono mitupu. Gari ilikuja na tairi 195/65 za rimu 15, mzee akamruhusu rimu 16 na tairi 205/55. Ubavu unakuwa mfupi kidogo, kona zinashikwa vizuri, lakini kimo cha tairi nzima kinabaki karibu kilekile, milimita 632 badala ya 634, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Akahakikisha na namba ya uzito, 91, yaani kila tairi inabeba kilo 615. Zile inchi 17 alizozililia dogo zilikuwa nzito, na ubavu wa tairi yake ni mwembamba kama mkate wa kupakwa blubendi. Shimo moja la Kimara na rimu imekuwa pembe nne.

Baada ya hapo shokapu mpya nne za urefu wa kiwandani, bushi zote zilizopasuka, na linki za stabilaiza. Stabilaiza ni lile fimbo la chuma linalounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari isilale upande mmoja kwenye kona. Linki zake zikifa unasikia "kwa-kwa-kwa" kila ukipita tuta, na mafundi wengi wa mtaani wanakwambia "hiyo haina shida, endesha tu". Ina shida! Unataka kupima shokapu zako nyumbani? Kandamiza kona ya gari kwa nguvu halafu achia. Ikipanda na kutulia, safi. Ikiendelea kuchezacheza kama iko kwenye vigodoro, umekwisha.

Kisha breki: pedi mpya, diski zikachongwa, na mafuta ya breki yakabadilishwa yote. Mafuta haya yananyonya unyevu wa hewani, na yenye maji yanachemka upesi breki zikipata moto. Yakichemka yanatoa mapovu, ukikanyaga pedali inazama kama umekanyaga sponji. Mzee anasema yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Mwisho, wili alaimenti.

Na farasi je? Tulipata, tena bila kununua hata mmoja. Injini za toleo hili nyingi ni zile za D-4, petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa sababu hiyo vali za kuingizia hewa hazioshwi na petroli, masizi yanajijenga, gari inakuwa nzito kama imevuta ngada. Tukasafisha masizi, tukaweka plagi na filta mpya. Thamostati iliyokuwa imetupwa na fundi wa zamani ikarudishwa, rejeta ikapata kulanti badala ya maji ya bomba. Gari ikaamka. Hao ni farasi waliokuwa wamelala, wala hawakuhitaji bomba la moshi la kelele.

BARABARANI

Tukatoka saa kumi na moja alfajiri. Kibaha, Mlandizi, Chalinze, mwendo wa hamsini kwenye makazi kwa sababu jamaa wa tochi wanaamka mapema kuliko jogoo. Tofauti niliisikia kwenye kuovateki malori. Zamani ukitoka kulia na kurudi kushoto, Noah hii ilikuwa inakwenda yenyewe kwanza, bodi linafuata baadaye. Safari hii ilikwenda na kurudi kwa mara moja, chai ya ma'mdogo kwenye kikombe cha chupa haikumwagika.

Morogoro tukaiacha chini ya Uluguru, tukaingia Mikumi. Barabara inakatiza mbugani kilomita kama 50. Pundamilia na twiga wako pale kando, hawalipi kiingilio na wewe hulipi. Lakini ukimgonga mnyama faini yake si mchezo, na usiku ndiyo hatari zaidi. Hapa kasi ni adabu tu, hata ungekuwa na ile V10 ya Wafaransa.

Baada ya Mikumi mji unaisha, milima inabana, unaingia Bonde la Mibuyu. Mibuyu mikubwa imesimama kama wazee wa baraza, Mto Ruaha unakupungia upande. Ruaha Mbuyuni tukashuka kunyoosha miguu, vitunguu vikatuzunguka pande zote. Ma'mdogo akataka gunia liende juu kwenye keria. Ba'mdogo, mwanafunzi mpya wa Gerezani, akakataa: "Mama Neema, kabati haliwekewi mzigo kichwani." Gunia likaingia chini, nyuma ya siti, karibu na sakafu. Kumbe darasa lilikuwa limemwingia!

KITONGA SASA

Kitonga haina utani. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, mbele yako lori la Zambia linapanda kwa mwendo wa bibi harusi. Tukazima AC, tukazima overdrive ili gari isihangaike kubadili gia, tukapanda taratibu. Kando tulipita Noah mbili zimefungua milango, mvuke unatoka, abiria wamekaa kwenye mawe. Sisi taa ya joto haikuwaka hata mara moja. Ilula tukacheka, Iringa tukala.

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa kurudi. Gari tupu ina karibu kilo 1,500, ongeza watu wanane na mizigo, tani mbili na ushee zinashuka mlima. Kumbuka hili: mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya breki inazidi mara nne. Kutoka 40 kwenda 80 si "kidogo tu". Ba'mdogo akaweka gia ya 2 tangu juu, injini ikawa inaishikilia gari, breki anagusa kidogo kabla ya kona kisha anaachia zipoe. Nyuma yetu gari ndogo ilikuwa inashuka taa za breki zimewaka mfululizo, harufu ya pedi zinazoungua ikatufikia ndani. Akapisha, ikapita. Tuliikuta chini imeegeshwa kando, dereva anaitazama tairi kwa mbali kama mtu anayeogopa mbwa.

Bibi, ambaye safari ya mwisho kushuka Kitonga alifumba macho kuanzia juu hadi chini akisali, safari hii aliangalia dirishani. Kona ya tatu akauliza, "Hii ndiyo ile gari yenu ya siku zote?" Mdogo wangu akajibu, "Ndiyo bibi, tumeitia miguu." Hakutaja rimu hata kidogo.

Kwa hiyo ewe kijana unayeinyemelea Noah ya mshua, nenda Gerezani, nenda na hela yako, lakini fuata foleni: tairi, shokapu, breki, kisha injini kuwa na afya. Upepo ujaze kwa namba zilizobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, si kwa kupiga tairi teke. Spesa waachie wenye mashamba, na springi zikae na urefu waliozaliwa nao. Sauti ya bomba itafuata siku ukiwa na gari yako mwenyewe isiyobeba bibi wa mtu.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutapanda boti. Alamsiki!