Mti Niliodhani Umekufa



Nitakuhadithia kosa nililolifanya mwenyewe, si la kusikia kwa watu. Huenda likamfaa aliyekwisha kunyanyua shoka.

Mimi ni mtu wa Tanga. Januari ya mwaka 2009 nilihamishiwa Masasi kusomesha, nikapanga nyumba ya mama mmoja mjane ambaye mwenyewe alikuwa akikaa Newala kwa wanawe. Mbele ya nyumba palikuwa na mikrismasi miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto, imetanda mfano wa miavuli. Aliponikabidhi ufunguo aliniusia mambo mawili tu: nyumba niitunze, na miti niiangalie.

Mvua zilikoma mwezi wa Aprili. Kufika Juni, vile vijani vidogo vidogo vilivyopangika kama unyoya vilianza kugeuka manjano na kumwagika uani kama pumba. Mke wangu alikuwa akifagia asubuhi na jioni. Agosti miti ilikuwa mitupu. Yalibaki maganda tu, meusi na marefu kama ala za panga, yakigongana usiku kwa upepo. Nikatazama mikorosho ya jirani: kijani, tena imeshika maua. Nikatazama mijohoro ya barabarani na miembe: kijani. Nikasema moyoni, hii miwili imekufa kwa kiu. Sikumwuliza mtu. Mimi ndiye mwalimu, nimwulize nani?

Mwezi wa Septemba nikamwita kijana mwenye shoka. Wa kulia ndio ulioanza. Shoka lilipoingia ndani, vipande vilitoka vimelowa maji. Kijana akanitazama. Nami niliona kama alivyoona, lakini nikamwambia aendelee, kwa kuwa nimekwisha kutoa amri na watu wanatazama.

Mti ulikuwa umekwisha kulala chini alipopita mzee wa jirani akitoka kusali adhuhuri. Aliuendea ule wa kushoto, akakwangua gome la kitawi kwa ukucha. Chini yake palikuwa kijani kibichi. "Mwalimu," akasema, "huu umelala." Akaenda zake.

Baadaye ndipo nilipojifunza. Asili ya mkrismasi ni Bukini, yaani Madagaska, katika misitu yenye kiangazi kirefu. Majani ndiyo yanayotoa maji ya mti hewani. Ardhi ikikauka, mti huvuta chakula kilichomo majanini ukakiweka katika shina na mizizi, kisha huziba pale jani lilipoungana na tawi, nalo hudondoka. Kwetu Tanga tuna masika na vuli, kwa hiyo mti huo hupukutika kidogo tu na mtu asitambue. Masasi na Newala msimu wa mvua ni mmoja, na baada yake kiangazi huchukua nusu ya mwaka. Mti ule ule, desturi nyingine.

Wala haifai kuupima mti mmoja kwa mwingine. Mjohoro wenye maua ya manjano hubaki na majani mwaka mzima. Mkorosho una mizizi ya kwenda chini sana, hubadilisha majani yake kidogo kidogo na kutoa maua wakati wa kiangazi. Mjakaranda hupukutika kama mkrismasi, na majani yao hukaribia kufanana. Lakini maua yake ni zambarau, na ganda lake ni bapa la mviringo, mfano wa kombe za chaza. Mninga wa porini nao huvua majani, ukachanua manjano kabla ya mvua. Mti uliokufa kweli hujulikana: kitawi hukatika kwa mlio mkavu, gome hubanduka, na ukikwangua hupati kijani popote.

Novemba ule wa kushoto ukawaka maua mekundu kabla majani hayajarudi sawasawa. Kila mpita njia aliusifu, na kila sifa ilinichoma. Nikaona siwezi kungoja mwenye mali asikie kwa watu. Nikapanda gari la Newala, barabara ya vumbi, mpaka juu ya uwanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote, pamoja na yale maji niliyoyaona. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Wa kulia ndio aliokuwa akikaa chini yake marehemu." Akaniuliza, "Ulikwangua gome?" Nikasema sikukwangua. "Uliuliza?" Nikasema sikuuliza.

"Sisi wa huku," akasema, "juu hapa hatuna mto. Tulikuwa tukishuka bondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Mti hauna miguu ya kushukia bondeni. Ufanye nini ila ujikunyate?"

Nikataka kumlipa, akakataa fedha. "Mbegu zimo katika maganda ya ule uliobaki. Zisugue juu ya jiwe, uzitie katika maji ya moto zilale humo usiku kucha, kisha upande."

Nilipanda mvua zilipoanza, kando ya kisiki. Nilipohamishwa Masasi mwaka 2013 mti ulikuwa umenipita kimo, na ulikuwa haujatoa hata ua moja. Watauona wengine.

Ndugu zangu, katika Suratul An'am, aya ya 59, tunafundishwa kwamba halidondoki jani ila Mwenyezi Mungu analijua. Mimi niliyaona majani yote yakidondoka, na sikujua kitu. Na kosa langu kubwa halikuwa kutojua, kwani asiyejua huuliza. Lilikuwa ni pale nilipoyaona yale maji nikaona haya kusema "acha". Tena mti wenyewe haukuwa wangu, ulikuwa amana.

Basi ukiuona mti mtupu uani, kwangua kwanza. Na ikiwa si wako, kamwulize mwenyewe.