Wati ngapi zinatosha spika zako? Piga hesabu kabla ya kulipa

Haya, leo tuweke kando uandishi wa programu tuongee habari ya sauti. Huku kwetu, kuanzia Kitale hadi Bungoma, mtu akienda kununua amplifaya swali lake la kwanza ni moja: "Ina wati ngapi?" Swali si baya. Tatizo ni kwamba akishajibiwa analipa, bila kuuliza spika zinazosubiri nyumbani ni za aina gani.

Nadhani najua chanzo. Masikio yetu yalizoezwa na muziki wa nje: mikutano ya injili, kampeni, disko matanga. Spika za kazi hiyo hutengenezwa ziwe kali. Ukizipa wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake, nyingi hutoa desibeli 97 au zaidi. Spika nzuri za sebuleni ni viumbe wengine kabisa. Nyingi ni ndogo, zimetengenezwa ili sauti iwe safi na sahihi, na gharama ya usafi huo ni kwamba zinataka wati nyingi zaidi kufikia sauti ileile.

Niwape mfano wa kweli. Mjomba wangu wa Bungoma ni mwalimu mstaafu, alifundisha kwaya miaka mingi. Binti yake aliporudi kutoka Uingereza alimletea spika mbili za KEF LS50. Hizi zilitoka mwaka 2012, kuadhimisha miaka 50 ya kampuni hiyo iliyoanzishwa mwaka 1961. Ni ndogo, unaweza kubeba moja kwa mkono mmoja, lakini si za mchezo. Mzee alitaka kusikiliza kanda zake za kwaya na za litungu, ambazo nilikuwa nimemhamishia kwenye tarakilishi. Kilichokosekana ni amplifaya. Pesa ilikuwa ya magunia kumi ya mahindi, na nusu yake mke wa mjomba alikuwa ameshaihesabia mbolea.

Tukaenda duka moja Kitale. Muuzaji akatuonyesha amplifaya yenye taa za buluu, mbele imeandikwa wati 1200 PMPO. "Mzee, hii ukiiwasha hapa, Kiminini watasikia." Mjomba akanigeukia: "Mpwa wangu, unaonaje?" Nikaomba tuigeuze. Kibandiko cha nyuma kilisema: volti 220-240, wati 70.

Hapo ndipo mjadala ulipoishia. Kifaa kinachovuta wati 70 kutoka kwa stima hakiwezi kutoa wati 1200 za muziki mfululizo. Nishati haizaliwi ndani ya boksi. Amplifaya za kawaida za daraja AB, hata zikifanya kazi kwa nguvu zote, hupoteza sehemu kubwa ya stima kama joto. Za daraja D hupoteza kidogo tu, lakini nazo hazivuki kile zinachovuta. PMPO ni namba ya tangazo, haina kipimo kimoja kinachokubalika. Marekani waliuona mchezo huu zamani: tume yao ya biashara, FTC, ilitunga kanuni ya wati za amplifaya za nyumbani mwaka 1974, na mwaka 2024 ikaikaza ili watengenezaji wote wapime kwa masharti yaleyale. Namba ya kuaminika ni ile inayosema wati ngapi kwa kila upande, kwa ohmu ngapi, na upotoshaji wa sauti asilimia ngapi.

Sasa tupige hesabu. Desibeli huenda kwa logi. Ukizidisha wati mara 2, sauti hupanda desibeli 3. Ukizidisha mara 10, hupanda desibeli 10, na sikio huona kama sauti imekuwa maradufu. Kwa hiyo kutoka wati 50 hadi 100 si hatua kubwa kama bei inavyotaka uamini.

LS50 hutoa desibeli 85 kwa mita 1 ikipewa volti 2.83, ambazo kwa ohmu 8 ni wati 1. Kiti cha mjomba kiko mita 3 kutoka kwa spika. Mahali pa wazi umbali huo ungepunguza karibu desibeli 9.5. Lakini spika ni mbili na kuta hurudisha sauti, kwa hiyo nikakadiria tunabaki na desibeli 79 kitini. Basi:

Wati 1: desibeli 79
Wati 10: desibeli 89
Wati 20: desibeli 92
Wati 40: desibeli 95
Wati 80: desibeli 98

Desibeli 78 kwa wastani ni sauti ya kutosha sebuleni. Maana yake muda mwingi mzee anatumia chini ya wati 1! Mbona basi tusimnunulie amplifaya ya wati 5 tukaenda zetu nyumbani?

Kwa sababu muziki una vilele. Kidole kikidonoa uzi wa litungu, au kwaya nzima ikipaza kwa pamoja, sauti huruka ghafla kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha hushuka. Katika rekodi ambayo haijabanwa studioni, kilele kinaweza kupita wastani kwa desibeli 15 au hata 20. Unaweza kupima mwenyewe: soma faili la WAV kwa Python, tafuta thamani kubwa kuliko zote, igawanye kwa RMS ya faili zima, chukua logi ya 10, zidisha kwa 20. Ukijaribu kwa wimbi la sine lazima upate karibu 3. Usipopata, kagua programu yako.

Nikachukua desibeli 18 juu ya wastani. Hiyo ni 78 na 18, jumla 96, na 96 ukitoa 79 unabaki na 17, yaani wati 50 hivi. Ongeza nafasi kidogo ya makadirio yangu kukosea, unafika wati 80. KEF wenyewe wanapendekeza wati 25 hadi 100 kwa spika hizi. Kwa spika ya disko ya desibeli 97, tofauti ya desibeli 12 ingefanya wati 5 zitoshe kazi hiyohiyo.

Je, amplifaya ikiwa ndogo kuliko mahitaji? Waandishi wa programu hili tunalijua. Sampuli ya bitsi 16 haiwezi kupita 32767. Ukijumlisha nyimbo mbili na jumla ikapita hapo, unaikata ibaki hapo, na kichwa cha wimbi kinakuwa bapa. Amplifaya hufanya vivyo hivyo volti zake zikifika mwisho. Wimbi la mraba hubeba nguvu mara 2 ya wimbi la sine lenye kimo kilekile, kwa hiyo amplifaya ya wati 30 iliyosukumwa kupita kiasi inaweza kukaribia wati 60. Sehemu ya ziada hiyo ni masafa ya juu ambayo hayakuwa kwenye wimbo, na hayo huenda kwa twita, ambayo koili yake ni ya waya mwembamba sana. Ndiyo maana twita huungua na amplifaya ndogo inayolia kwa shida, huku kubwa iliyotulia ikiilinda. Ukisikia sauti inakwaruza, punguza. Usingoje moshi.

Bado kuna ohmu. LS50 imeandikwa ohmu 8, lakini kwenye masafa fulani ukinzani wake hushuka hadi 3.2. Hapo amplifaya inaombwa mkondo mara 2.5. Amplifaya dhaifu itachoka hapo hata kama imeandikwa wati 100 kwa ohmu 8. Uliza wati zake kwa ohmu 4. Muuzaji akikosa jibu, au namba ikiwa ileile, tia shaka. Hii pia ndiyo sababu ya kutounganisha spika ovyo: mbili za ohmu 8 sambamba ni ohmu 4, nne ni ohmu 2, na kwa ohmu 2 amplifaya nyingi za nyumbani hujizima au huungua.

Na stima ikishuka jioni? Volti za ndani zikipungua asilimia 10, wati hupungua asilimia 19. Inatisha kusikia, lakini ni chini ya desibeli 1. Hutasikia tofauti.

Tulipata kwa fundi mmoja amplifaya kuukuu ya stereo, haina taa za buluu, wati 80 kila upande kwa ohmu 8 na 120 kwa ohmu 4. Nyuma imeandikwa inavuta wati 300. Bei ilikuwa chini ya nusu ya ile ya dukani. Mbolea ilinunuliwa.

Kwa hiyo ukienda dukani, beba karatasi yenye mambo manne: desibeli za spika kwa wati 1, ohmu zake za chini kabisa, umbali wa kiti chako, na sauti unayoitaka. Ukifika, geuza amplifaya kwanza usome nyuma. Muuzaji akikukataza kuigeuza, hapo pia umeshapata jibu.